Kwa nini Wafaransa huita ngome na kasri kwa jina moja?

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari Tanga, ameniandikia hivi: "Niliwaonesha wanafunzi wangu picha mbili. Ya kwanza ni Château Gaillard, magofu juu ya jabali kando ya mto Seine. Ya pili ni Chenonceau, nyumba nyeupe iliyokaa juu ya maji kama jahazi. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama zote mbili zinaitwa château, kati yake kulitokea nini? Nikamjibu kwamba ilikuja mizinga, kuta zikakosa kazi. Akanirudia: basi kwa nini Chambord, iliyojengwa baada ya mizinga, ina minara minene na handaki? Hapo nikakwama. Nisaidie."

Mwalimu, salamu kwako na kwa mwanafunzi huyo, ambaye ningependa sana aendelee kuuliza. Jibu lako la mizinga ni la kweli, ila umelitwisha mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Mizinga ilibomoa kuta nyingi za Ufaransa. Haielezi kwa nini nyumba za mabwana zilianza kulainika kabla mizinga haijawa tishio, wala kwa nini minara iliendelea kujengwa baadaye. Nimezisoma nyumba hizi miaka mingi na kuzipanda ngazi zake, na nimefikia kuamini kwamba tunaanza kukosea pale tunapouliza ngome iligeukaje kuwa kasri. Nyumba ya kuishi ilikuwamo ndani ya ngome tangu siku ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba vita vilitolewa nyumbani kwa bwana vikapelekwa mpakani kwa mfalme, na uhamisho huo ulichukua karibu miaka 500.

Tuanze na neno lenyewe. Château limetokana na Kilatini castellum, yaani boma dogo lenye ulinzi. Mfaransa wa mwaka 1100 alilitumia kwa mnara wa mbao juu ya kilima cha udongo, na vitukuu vyake wa mwaka 1700 wakalitumia kwa jumba lenye vioo na chemchemi. Neno halikubanduka kwa sababu jambo moja lilibaki vilevile: château ni mahali anapoishi mwenye mamlaka juu ya ardhi ile. Sisi wenyewe tunalo la kufanana nalo. Husuni Kubwa ya Kilwa, kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ina jina la ngome, maana husn kwa Kiarabu ni ngome. Lakini ukiingia unakuta nyua, vyumba vya kukaa na birika la kuogea lenye pembe nane. Wanafunzi wako wakilishika hilo, nusu ya safari wameshaimaliza.

Sasa twende Loches, mji mdogo kusini mwa mto Loire. Pale umesimama mnara wa mawe wenye kimo cha mita 36 hivi na kuta zenye unene unaokaribia mita 3. Ulijengwa kati ya mwaka 1013 na 1035, enzi za Foulques Nerra, mtawala wa Anjou. Miaka hiyo imejulikana kwa kusoma mistari ya ukuaji katika vipande vya mbao vilivyobaki ndani ya kuta. Sakafu zote zimekwisha anguka. Ukiingia unasimama chini na kutazama juu kama mtu aliyetumbukia kisimani, na kitu kinachokushika macho kwanza ni meko. Yananing'inia ukutani, moja juu ya jingine, pamoja na milango inayofunguka hewani. Hakuna askari wa zamu anayechongewa meko ya mawe ghorofani ili alinde lango. Pale paliishi bwana na watu wake: palikuwa na ukumbi wa kupokea wageni, vyumba vya faragha, kanisa dogo, na vyoo vilivyochimbwa ndani ya unene wa ukuta.

Kwa nini basi ajifungie ndani ya mawe namna ile? Kwa sababu mwaka 1000 mfalme wa Ufaransa alikuwa na nguvu kuzunguka Paris na Orléans, na nje ya hapo kila bwana mkubwa alikuwa serikali kamili. Alihukumu kesi, alikusanya ushuru wa daraja na wa kinu, aliongoza askari wake mwenyewe kumpiga jirani. Foulques alitumia maisha yake yote kugombana na watawala wa Blois, majirani zake wa upande wa juu wa mto. Nyumba yake ilikuwa pia mahakama yake, ofisi ya kodi, ghala la nafaka na kambi ya jeshi. Aliyeiteka alikuwa ameteka nchi. Ukuta ule mnene ulikuwa umelizunguka lundo lote hilo la kazi, na bwana alilala katikati yake.

Picha yako ya kwanza nataka uirudishe darasani kwa sababu nyingine. Château Gaillard ilijengwa kati ya mwaka 1196 na 1198 na Richard, mfalme wa Uingereza aitwaye Moyo wa Simba, ili kuziba njia ya kwenda Rouen, mji mkuu wa Normandia, nchi ya Ufaransa ya kaskazini aliyoitawala pia. Lilikuwa boma ndani ya boma ndani ya boma, juu ya mwamba, kazi bora kabisa ya zama zake. Richard alikufa mwaka 1199. Philippe Auguste, mfalme wa Ufaransa, akaizingira mwaka 1203, na tarehe 6 Machi 1204 ikaanguka. Baruti ilikuwa bado haijulikani Ulaya.

Iliangushwa na njaa, na wachimbaji waliofukua chini ya mnara wa mbele, na upande wa kanisa dogo ambako askari wachache walipata upenyo wa kuingia. Kuna jambo la huzuni katika mazingira yale ambalo halipaswi kurukwa. Watu wa mji uliokuwa chini ya mwamba walikimbilia ngomeni. Chakula kilipopungua, kamanda akawatoa wote wasiopigana. Wafaransa waliwaacha makundi ya kwanza yapite, kisha wakafunga njia. Na ngome nayo ikakataa kuwafungulia tena. Mamia ya watu wakabaki kwenye miteremko katikati ya majeshi mawili, majira ya baridi, bila chakula wala paa. Wengi walikufa pale pale.

Lakini kilichoiua ngome ile hasa ni kwamba hakuna aliyekuja. John, ndugu yake Richard na mrithi wake, alijaribu kuleta msaada, akashindwa, akaondoka. Kazi ya ukuta ni kumpa mtu muda hadi wenzake wafike. Adui anapokuwa mfalme mwenye fedha za kulisha jeshi miezi sita mfululizo, na wewe huna wa kukujia, unene wa ukuta haukusaidii kitu. Baada ya Gaillard, Normandia nzima iliingia mikononi mwa Philippe.

Mfalme huyohuyo alijenga Louvre ya kwanza, na hapa ndipo penye ushahidi ninaouthamini sana. Iliinuka kuanzia mwaka 1190 hivi, nje kidogo ya ukuta wa Paris upande wa magharibi, ngome ya mraba yenye mnara mkubwa wa duara katikati, kumzuia Mwingereza asije kwa njia ya mto. Miaka 160 ikapita, mji ukavimba, ukajengwa ukuta mpya mbali zaidi. Louvre ikajikuta ndani ya mji. Mara hiyo, katika miaka ya 1360, mfalme Charles V akamwita mjenzi Raymond du Temple, wakatoboa madirisha, wakaongeza ghorofa na paa za mapambo, wakajenga ngazi kubwa ya kuzunguka iliyochomoza uani ili kila mtu aione, na mnara mmoja ukageuzwa maktaba ya mamia ya vitabu. Zingatia tarehe, Mwalimu. Hiyo ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Mia na Waingereza, na mizinga ya wakati ule ilikuwa bado inatisha farasi kuliko kuta. Hakuna risasi iliyomlazimisha Charles kufungua madirisha. Ulinzi ulikuwa umesogezwa mbele, na nyumba ikapumua.

Yaliyoipata Louvre yakaja kuipata nchi nzima, na chanzo chake kiko kwenye karatasi kuliko kwenye medani. Mwaka 1439, huko Orléans, Charles VII alitoa amri kwamba hakuna bwana atakayekusanya askari bila kibali chake, wala kutoza watu kodi kwa ajili ya vita. Hayo yawe ya mfalme peke yake. Mwaka 1445 akaunda vikosi vya wapanda farasi vya kudumu, vinavyolipwa vita viwepo visiwepo. Kwa kodi hiyo ndiyo ndugu wawili, Jean na Gaspard Bureau, walipata shaba, baruti, farasi wa kukokota na mafundi, wakaunda kikosi cha mizinga ambacho hakuna bwana yeyote angeweza kukigharimia. Mwaka 1449 na 1450 Normandia, iliyokuwa imerudi mikononi mwa Waingereza, ilikombolewa kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na maboma mengi yalifungua malango pindi mizinga ilipopangwa mbele yake.

Hapo ndipo jibu lako linapoingia, nami nalikubali. Tufe la chuma linalopigwa kwenye kitako cha ukuta mrefu huuangusha ukuta mzima, na vifusi vyake hulijaza handaki, adui akavuka kwa miguu. Urefu uliokuwa fahari ukawa udhaifu. Lakini mwambie mwanafunzi wako aulize pia: mizinga ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mwenye kodi. Tishio lile lilimlenga bwana, halikumlenga mfalme, na bwana mwenye akili aliona kwamba sasa usalama wake uko katika kupendwa na mfalme, kupata cheo, na kuonekana mara kwa mara barazani kwake.

Wako waliokataa kuona. Bérenger de Roquefeuil, kusini-magharibi, aliipanua ngome ya Bonaguil kuanzia miaka ya 1480: matundu ya mizinga, mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba, mnara wenye ncha kama omo la meli ili matufe yateleze pembeni. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Adui aliyemtarajia hakuja maishani mwake.

Sasa Langeais, nyumba ninayoipenda kuliko zote. Kama ungekuwa na nauli ya kwenda mahali pamoja tu Ufaransa, ningekutuma huko. Ukija kutoka mtaani unakutana na ukuta wa kijivu unaopanda moja kwa moja kutoka barabarani, minara mikubwa ya duara, madirisha madogo, na juu kabisa ujia wa walinzi uliochomoza nje, wenye matundu sakafuni ya kuangushia mawe. Daraja la kuinuliwa lipo na minyororo yake. Unahisi kabisa kwamba hutakiwi. Unapita langoni, unatembea hatua kama ishirini, kisha unageuka nyuma. Ukuta uleule, upande wa uani, una madirisha mapana yaliyogawanywa kwa misalaba ya mawe, vidirisha vya paa vilivyochongwa maua, na minara myembamba ya ngazi yenye milango ya kutokea bustanini. Hakuna tundu la mshale hata moja. Ni nyumba ya mtu anayependa mwanga na kukaa na wageni. Nyuso zote mbili ni za ujenzi mmoja, ulioanzishwa na Louis XI mwaka 1465. Na mwisho wa bustani, juu ya kilima, limebaki gofu la mnara wa Foulques Nerra, yule yule wa Loches.

Ule uso mkali ulikuwa na sababu yake. Bretagne, upande wa magharibi, ilikuwa bado na mtawala wake mwenyewe, na Langeais ililinda njia itokayo huko. Tarehe 6 Desemba 1491, miaka 26 tu baada ya ujenzi kuanza, mwana wa Louis XI, Charles VIII, alimwoa Anne, mrithi wa Bretagne, binti wa miaka 14, ndani ya nyumba hiyohiyo. Mkataba ulisema mfalme akifa bila mrithi wa kiume, Anne ataolewa na mfalme atakayefuata. Na ndivyo ilivyokuwa, akaolewa na Louis XII mwaka 1499. Adui aliyesababisha ukuta ule ujengwe alimalizwa kwa harusi nyuma ya ukuta huo. Baada ya hapo, bonde zima la Loire likawa na ngome zisizo na mpaka wa kulinda.

Watu wengi husema uzuri wote wa makasri ya Loire uliletwa kutoka Italia. Ni kweli kwamba Charles VIII alivuka milima ya Alps mwaka 1494, akafika hadi Napoli, akaandikia nyumbani kwamba bustani za huko zimepungukiwa Adamu na Hawa tu ziwe peponi, kisha akarudi na mafundi, akiwemo mtaalamu wa bustani Pacello da Mercogliano. Nguzo, maganda ya chaza, vichwa vya watu ndani ya duara, vyote hivyo vilitoka huko. Lakini ua wa Langeais ulikuwa umeshaanza miaka 29 kabla ya safari hiyo. Italia ilileta vazi; mwili wa kulivaa ulikuwa tayari umekua. Charles mwenyewe hakulifaidi sana. Mwaka 1498, akielekea kutazama mchezo wa mpira ndani ya kasri lake la Amboise, aligonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango mfupi, akafa saa chache baadaye akiwa na miaka 27.

Ukitaka kuyapima mabadiliko haya kwa mikono yako, nenda Blois. Kuanzia mwaka 1515, mfalme François I alijenga upande mpya wa kasri kwa kuuegemeza kwenye ukuta wa ulinzi wa karne ya 13. Kisha hakuridhika, akaongeza vyumba nje ya ukuta huo, vyenye roshani zinazotazama mji. Kwa hiyo ukuta wa vita ukabaki katikati ya nyumba. Unapotoka chumba cha upande wa uani kwenda chumba cha upande wa mji unapita kwenye mlango ulio kama shimo refu, na ukinyoosha mkono unaona unene unaofika mita 2. Palipokuwa mwisho wa dunia kwa mlinzi wa mwaka 1250 pamekuwa ukuta wa kati wa vyumba viwili.

Uani hapohapo kuna ngazi ya François, na juu ya ngazi nitakuomba subira kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya nyumba inayosema ukweli zaidi. Katika mnara wa zamani ngazi ni nyembamba, giza, imefichwa ndani ya ukuta, anapita mtu mmoja. Waongoza watalii hupenda kueleza kwamba zote zilizungushwa upande mmoja ili mlinzi apate nafasi ya kuzungusha upanga kwa mkono wa kulia. Usiwafundishe wanafunzi hivyo. Zipo ngazi nyingi za ngome zinazozunguka upande wa pili. Ufinyu wake ulikuwa ulinzi tosha. Ngazi ya Blois imetolewa nje ya ukuta, imesimama uani ndani ya mnara wa pembe nane ulio wazi kila upande, na kila mzunguko una kibaraza. Mfalme aliposhuka kumpokea balozi, watu wa baraza walijipanga kwenye vibaraza hivyo kama watazamaji. Ngazi iliyokuwa ya kumzuia mtu sasa ni ya kumwonesha mtu. Huko Chenonceau, miaka hiyohiyo, walikwenda mbali zaidi wakajenga ngazi iliyonyooka, miongoni mwa za kwanza Ufaransa, inayopandwa bila kizunguzungu na mwanamke mwenye gauni refu.

Na sasa swali lililokukwamisha, minara ya Chambord. Kwa karne nyingi haki ya kujenga boma ilitoka kwa aliye juu yako. Ukiona mnara, handaki na daraja la kuinuliwa, ulijua hapa pana mtu mwenye haki ya kuhukumu na kutoza. Vita vilipoondoka, maana hiyo haikuondoka. Fikiria siwa za Lamu na Pate: hakuna aliyepigana kwa siwa, lakini bila siwa kupulizwa, ni nani angekubali kwamba u mtawala? Mnara ukawa siwa ya mawe.

Wenye kuuhitaji zaidi walikuwa wale ambao ubwana wao ulikuwa mbichi. Chunguza majina ya wajenzi wa Loire utakuta watu wa fedha za mfalme wamejaa. Jean Bourré, mtunza hazina wa Louis XI, alijenga Plessis-Bourré. Gilles Berthelot, naye mtu wa hazina, alijenga Azay-le-Rideau kwenye kisiwa cha mto Indre kuanzia 1518, na kule juu akaweka ujia wa walinzi kama wa Langeais, ila matundu yake ni pambo. Mwaka 1527 ndugu yake wa ukoo, Semblançay, mkuu wa fedha, alinyongwa kwa tuhuma za wizi. Berthelot akakimbia na François akaitwaa nyumba kabla haijakamilika.

Chenonceau ya picha yako ina kisa kama hicho. Thomas Bohier, mkusanya mapato ya mfalme, alinunua boma la zamani la ukoo wa Marques, akalibomoa lote isipokuwa mnara mmoja. Mnara huo angeweza kuuondoa pia. Aliuacha, akautoboa madirisha mapya, kwa sababu ndio uliokuwa alama ya ubwana wa mahali pale. Nyumba yenyewe ilijengwa kati ya 1513 na 1521 juu ya misingi ya kinu cha maji, na kwa kuwa mume alikuwa safarini Italia mara nyingi, aliyesimamia mafundi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Mwambie mwanafunzi wako atazame picha tena: mnara wa duara uliosimama peke yake pembeni ndio boma la kale. Daraja lililovuka mto lilikuja baadaye, kwa Diane de Poitiers, mpenzi wa mfalme Henri II, na ukumbi mrefu wa mita 60 juu ya daraja ni wa Catherine de Médicis, mke wa mfalme huyo.

Chambord, basi, iliyoanzwa mwaka 1519, ni mfalme kijana anayejivika siwa hiyo kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Ramani yake ni ya ngome kamili: jengo la mraba katikati, ambalo hata leo linaitwa donjon, yaani mnara mkuu wa boma, na minara minne ya duara pembeni. Halafu jaribu kuilinda. Madirisha ni mapana hadi chini, na juu, pale walinzi wangesimama, pana uwanja wa matembezi katikati ya msitu wa dohani na vinara vya mawe, ambako watu wa baraza walitazama wawindaji wakiondoka na kurudi. Ngazi ya kati ni mbili zilizosokotana, mmoja apande mwingine ashuke wasikutane. François hakukaa humo hata miezi mitatu kwa jumla katika utawala wa miaka 32. Samani zilikuja naye na kuondoka naye.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa moja iliyonyooka. Vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, kuanzia 1562 hadi 1598, vilizirudishia kuta nyingi kazi yake ya zamani, na Henri de Guise, kiongozi wa Wakatoliki, aliuawa kwa amri ya mfalme Henri III mwaka 1588 katika vyumba vilevile vya kupendeza vya Blois. Walioshika hatamu baadaye hawakusahau. Tarehe 31 Julai 1626, Louis XIII, waziri wake Richelieu akiwa pembeni, alitoa tamko kwamba ngome zote zisizo mpakani zibomolewe. Nyumba zibaki, ulinzi uondoke. Kile ambacho Charles VII alikianza mwaka 1439 kilifika mwisho wake pale.

Na kilichohamishwa kilikwenda wapi? Kilikwenda kwa Vauban, mhandisi wa Louis XIV, aliyejenga au kuimarisha zaidi ya ngome 100 pembeni mwa ufalme: Lille kuanzia 1667, Neuf-Brisach baada ya mkataba wa 1697. Hizo ni ngome zisizokaliwa na bwana yeyote, kuta zake fupi, nene, zilizojazwa udongo, zenye pembe zilizochomoza kama nyota ili kila upande ulindwe na mwenzake. Kwa wanafunzi wa pwani hili halihitaji picha ya Ufaransa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kuanzia 1593 na Wareno kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ni ya ukoo huohuo. Ndivyo ukuta unavyokuwa ukijengwa kwa ajili ya mizinga peke yake, bila kufikiria nani atalala ndani.

Upande wa pili, nyumba ikabaki nyumba. Vaux-le-Vicomte ya Nicolas Fouquet, mkuu wa fedha wa Louis XIV, bado imezungukwa na maji, lakini maji yale yanaakisi sura ya jumba kama kioo. Fouquet alimwalika mfalme karamuni tarehe 17 Agosti 1661 na wiki tatu hazikuisha akawa amekamatwa. Versailles, ambako baraza lilihamia rasmi tarehe 6 Mei 1682, ina vioo 357 katika ukumbi mmoja, na mbele yake ni uwanja na uzio wa chuma. Umati wa Paris ulipofika tarehe 5 Oktoba 1789 kudai mkate, haukukuta handaki. Asubuhi iliyofuata ulikuwa ndani, karibu na chumba cha malkia.

Kwa kipindi kijacho, Mwalimu, ningekushauri uweke Gaillard na Chenonceau kando kwa muda. Tafuta picha mbili za Langeais, moja iliyopigwa kutoka mtaani na nyingine kutoka uani, uzibandike ubaoni bila maandishi. Waulize ipi ilijengwa kwanza, na imeitangulia nyingine kwa miaka mingapi. Waache wabishane, huyo mwanafunzi wako akiwa mbele, kabla hujawaambia kwamba ni ukuta mmoja.